Mbwa anamwaga manyoya tangu mvua zikatike: ni msimu, chakula au ugonjwa?

#1 MamaSimba (Ntinda)
Habari za jioni wadau. Nina German Shepherd dume, amemaliza miaka minne, anaitwa Simba. Tangu mvua za Novemba zikatike anamwaga manyoya, si mchezo. Nafagia sebule asubuhi, jioni nafagia tena, na bado nayakuta kwenye chai. Hana kidonda, hana homa, chakula anamaliza. Kinachonitia wasiwasi ni pale kiunoni karibu na mkia: manyoya yamekuwa haba, na ngozi ya chini imeanza kuwa nyeusi wakati zamani ilikuwa nyeupe yenye kijivu.

Nimesoma kwamba mbwa hubadilisha manyoya mara mbili kwa mwaka, baridi ikiisha na baridi ikikaribia. Sasa wenzangu, Kampala baridi hiyo huanza lini? Sisi tuna mvua na tuna jua. Huu ni msimu kweli au kuna kitu kinamla mbwa wangu?

#2 boda_kisaasi
Mbwa anaitwa Simba. Siku simba wa kweli akitoroka kule bustani ya wanyama ya Entebbe, mtaani kwenu hakuna atakayekimbia.

#3 FundiKatwe
Mnyoe kipara. Uzi umeisha, tulale.

#4 msomi_mifugo
Asimnyoe, tafadhali. German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili: ya nje marefu na magumu, ya ndani mafupi na laini. Hayo ya ndani ndiyo yanayojaa sebuleni. Ukimpitisha mashine, yanaweza kukaa miezi mingi bila kuota, au yakaota kwa mabaka, na jua linapata ngozi wazi. Mpige burashi kila siku, nje ya nyumba, basi.

Kuhusu msimu: kinachoongoza manyoya kuota na kutoka ni urefu wa mchana zaidi kuliko joto lenyewe. Jicho likipokea mwanga, ubongo hupunguza melatonini. Giza likirefuka, melatonini hupanda, na hiyo ndiyo moja ya homoni zinazoviambia vinyweleo viote au vipumzike. London mchana wa Juni unapita saa 16, wa Desemba haufiki saa 8. Kampala tuko chini ya nusu nyuzi kutoka ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari mpaka Desemba. Mbwa wa huku hapati ishara ya kumwaga yote kwa mkupuo, kwa hiyo wengi humwaga kidogo kidogo mwaka mzima. Ndiyo maana mimi nikisikia "msimu" hapa Kampala huwa naangalia ngozi kwanza.

#5 BaridiKabale
Msomi umeongea vizuri lakini njoo Kabale. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Juni na Julai usiku unalala na blanketi mbili. Jike wangu, pia German Shepherd, wakati huo manyoya yanakuwa mazito mpaka shingo haionekani, na jua la Agosti likichoma anayaachia yote. Kila mwaka. Mchana wa Kabale una urefu ule ule wa Kampala, sasa nani anamwambia?

#6 ikweta_ni_yangu
Mimi nina duka Kayabwe, ule mstari wa ikweta watalii wanaopigia picha hauko mbali na kaunta yangu. Mbwa wangu akilala upande wa kusini ananyonyoka, akivuka kaskazini yanaota. Serikali ije ifanye utafiti.

#7 MzeeWaBombo
Salaam. Mnazunguka mpaka London wakati jibu liko kwenye sufuria. Nimesimamia mbwa wa ulinzi miaka mingi. Mbwa wanaolishwa posho (ugali) tupu na maji ya mifupa, manyoya yao hukauka, hukatika, na mba hujaa mgongoni. Ukiwachanganyia mukene, wale dagaa wa ziwani, na mafuta kidogo, baada ya wiki kadhaa wanang'aa. Mama Simba, huyo kijana wako anakula nini?

#8 MamaSimba
Shikamoo mzee. Posho na mukene, mara nyingine mapafu ya ng'ombe au vichwa vya kuku. Biskuti za dukani tuliacha, bei imepanda.

#9 mvuvi_ggaba
Mukene upi? Kuna wa kuanikwa juu ya vichanja, ule wa watu, na kuna wa kuanikwa mchangani, huo ndio mnauziwa kwenye magunia kama chakula cha kuku na mbwa. Nusu ya kilo ni mchanga. Tena ukianikwa siku za mvua unachacha, mafuta yake yanaharibika, unabaki na harufu tu. Uoshe mara mbili tatu, mchanga ukae chini ya beseni, ndipo upike. Ukiona maji bado yanakwaruza vidole, endelea kuosha.

#10 msomi_mifugo
Mzee wa Bombo, hapo tuko pamoja kiasi. Unga wa mahindi una fitati, kitu kinachoshika zinki tumboni ili mbwa asiifaidi, na zinki ikipungua ngozi hutoa magamba kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo. Ila ugonjwa wenyewe wa zinki unajulikana zaidi kwa Husky na Malamute. Na upungufu wa chakula huonekana mwili mzima. Simba amepungukiwa pale juu ya mkia tu. Chakula hakichagui kiuno.

#11 NyukiWaArua
Nilikuwa nasubiri mtu aseme "juu ya mkia". Hiyo pembetatu kuanzia kiunoni mpaka kwenye mkia na nyuma ya mapaja ni mahali pa viroboto, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mbwa wengine wana mzio wa mate ya kiroboto. Wakiumwa na wachache tu wanajitafuna wiki nzima.

Fanya hivi. Chukua kichana cha meno ya karibu karibu, kile cha chawa, umchane pale kiunoni juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa. Utaona vichembe vyeusi. Ngoja kidogo. Vikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu ya Simba iliyopita tumboni mwa kiroboto. Vikibaki vyeusi ni vumbi la Ntinda.

#12 MamaSimba
Asante. Lakini sijaona kiroboto hata mmoja, na namwogesha kila Jumamosi.

#13 NyukiWaArua
Humwoni kwa sababu Simba anawameza akijitafuna. Tena kwenye mwili wa mbwa wako wazima wachache. Mayai, mabuu na vifukofuko viko kwenye zulia, kwenye nyufa za sakafu, chini ya kochi na pale anapolala. Ukimtibu mbwa ukaacha nyumba, umewapa likizo fupi. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto, zulia lipigwe, nyufa zifagiliwe, na hata wale mbwa wa jirani wanaokuja kumwamkia watibiwe.

#14 KijanaBusia
Wakubwa, huo ni upele, mwisho wa maneno. Huku kwetu daktari wa ng'ombe anapita na pikipiki, anadunga aivamektini, ile dawa ya kuua wadudu, wiki mbili mbwa mpya. Nunua kachupa, duka la mifugo lolote lipo.

#15 msomi_mifugo
KijanaBusia, usimpe mtu ushauri huo kavukavu. Aivamektini ile ya chupa ya ng'ombe ina nguvu ya kutosha mnyama wa mamia ya kilo. Kosa dogo kwenye bomba la sindano kwa mbwa ni kosa kubwa. Halafu kuna mbwa wenye kasoro ya jeni iitwayo MDR1: Collie, Australian Shepherd, Shetland, na hata baadhi ya German Shepherd, hasa weupe. Kwao dawa hupenya mpaka kwenye ubongo. Wanayumba, wanapofuka, wanapoteza fahamu. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vinavyoua viroboto, kupe na wadudu wa upele kwa pamoja. Vingine hufanya kazi mwezi mmoja, vingine karibu miezi mitatu. Ni ghali, na mwenye historia ya kifafa lazima daktari ajue kwanza, lakini si kubahatisha.

#16 KijanaBusia
Kijijini wanadungwa wote na wako hai.

#17 bi_nsambya
Waliokufa hawana akaunti humu.

#18 boda_kisaasi
😂😂 Banange.

#19 FundiKatwe
Mnatumia hela nyingi bure. Oili chafu ya injini, mpake, mwache juani. Upele, viroboto, kupe, wote wanahama. Ninyi hamjakulia kijijini?

#20 bi_nsambya
Nimekulia kijijini na ndiyo maana nakukataza. Jirani yangu alimpaka mbwa wake oili ya gari, mbwa akaanza kujilamba. Ndani ya siku chache anatapika, hali, ngozi imebabuka tumboni na kwapani. Oili iliyotumika ina mabaki ya chuma na risasi na mafuta ya petroli. Inapita kwenye ngozi, na anayojilamba inaingia tumboni. Akiivuta mapafuni ndiyo balaa zaidi. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Upele uliondoka, kweli. Na mbwa pia.

#21 FundiKatwe
Babu zetu walitumia na mbwa wao walikuwa wakali.

#22 MzeeWaBombo
Babu zako walikuwa na injini gani?

#23 boda_kisaasi
Mzee amefunga mjadala. Fundi rudi gereji.

#24 ng'ombe_kiruhura
Niwasaidie kitu kimoja kabla hamjasahau. Huku magharibi kupe wamezoea dawa za josho, wafugaji wanachanganya dawa mbili tatu na kuzidisha kipimo, kisha zinazobaki kwenye pampu ananyunyiziwa mbwa. Nimeona mbwa aliyenyunyiziwa amitrazi ya kipimo cha ng'ombe: analegea, anasinzia, mwili unapoa, moyo unaenda taratibu. Dawa hiyo hiyo daktari huitumia kwa mbwa wenye upele wa demodeksi, wadudu waishio ndani ya vinyweleo, lakini kwa kipimo chake, na mbwa hawekwi juani wala harudishwi kwenye maji kabla hajakauka. Watoto wa mbwa na wale wadogo wadogo hasa msiwaguse nayo.

#25 BintiJinja
Mimi jike wangu alimwaga karibu yote baada ya kuzaa. Watoto walikuwa wamefika kama miezi miwili, mama akabaki na kichwa chenye manyoya na mwili mwembamba. Nililia. Yakarudi yenyewe, bila sindano, mayai tu na chakula cha kutosha. Usiogope Mama Simba, labda ni homoni za uzazi.

#26 boda_kisaasi
Simba ni dume, dada.

#27 BintiJinja
Nimesoma haraka. Lakini homoni ni homoni!

#28 msomi_mifugo
BintiJinja ametania lakini amegusa. Kuna dume ambaye korodani yake moja haikushuka, ikapata uvimbe unaotoa estrojeni, homoni ya kike: manyoya hutoka pande zote mbili sawasawa na ngozi hubadilika rangi. Mama Simba, hesabu kama ziko mbili.

#29 MamaSimba
Ziko mbili. Nimekaguliwa vibaya sana na yeye mwenyewe wakati nakagua.

#30 DadaGulu
Huku kaskazini mvua zikianza, kinachonisumbua mimi ni wale inzi wa maembe. Mbwa anatoka vijipu vyenye kitundu katikati, tumboni, kwenye mapaja, wengine mpaka kwenye korodani. Ndani kuna buu. Manyoya hung'oka pale, watu wanadhani ni upele, wanapaka dawa wiki nzima. Mama Simba pitisha mkono, kama kuna uvimbe wenye kidoa kinachochezacheza, ni hao.

#31 KijanaBusia
Inzi anamtagia mbwa mayai mgongoni akiwa amelala, ndiyo maana mbwa wavivu wanapata zaidi.

#32 DadaGulu
Hapana. Anataga kwenye mchanga wenye unyevu kivulini au kwenye nguo na matandiko ambayo hayajakauka vizuri, hasa yenye harufu ya mkojo. Buu linaanguliwa hapo, linangoja ngozi yenye joto ilale juu yake. Ndiyo maana nguo za watoto tunapiga pasi mpaka mishono. Matandiko ya mbwa msianike kwenye majani. Ukimwona buu, ziba kitundu kwa vaselini, akose hewa, akichomoza mbane taratibu pembeni atoke mzima. Akipasuka ndani, panaoza.

#33 mvuvi_ggaba
Hao si ndio funza? Bibi yangu Busoga alikuwa akitutoa kwa sindano.

#34 DadaGulu
Funza ni mwingine. Yule ni kiroboto, jike lake linajichimbia kwenye vidole na nyayo na kuvimba na mayai. Mbwa na nguruwe wanaye pia, ndiyo maana nyumba ya watu ikitibiwa na mbwa akaachwa, wanarudi. Lakini funza hamnyonyoi mbwa kiunoni. Atachechemea.

#35 haji_kisenyi
Nauliza kwa heshima: hayo manyoya yanayoingia kwenye chai, mnayanywa? Na jirani akitaka kuswali kwenu atatandika wapi?

#36 MamaSimba
Haji karibu. Chumba cha wageni Simba haingii, mkeka upo safi, na chai yako nitaichuja.

#37 MzeeWaBombo
Mimi pia ni Mwislamu na mbwa wangu wanalala nje, wanalinda. Masheikh wana kauli zaidi ya moja kuhusu manyoya na mate, usituanzishie huo hapa. Turudi kwenye ngozi.

#38 mama_wawili
Samahani niingilie. Mwanangu mdogo alitoka mabaka ya mviringo kwenye mkono, kingo nyekundu, katikati pamepona. Tukapaka dawa za kila aina. Kumbe mtoto wa mbwa tuliyeletewa alikuwa na choa. Yeye alikuwa na viduara vya upara karibu na masikio wala hajikuni. Ilibidi tutibiwe nyumba nzima. Mama Simba kama una watoto, angalia ngozi zao pia, zitakuambia mengi.

#39 msomi_mifugo
Mama_wawili, neno zuri. Choa ni kuvu, si mdudu. Kuna taa ya urujuanimno, ile inayofanya baadhi ya choa kung'aa kijani, lakini ni aina moja hasa inayong'aa, na hata hiyo haing'ai kila mara, kwa hiyo giza halimaanishi mbwa ni mzima. Na wale wa upele wa kuambukiza, sakoptesi, nao hupanda kwa watu: vipele vya kuwasha mikononi na tumboni, kisha hupotea mbwa akitibiwa.

Jaribio la haraka: msugue Simba ukingo wa sikio kati ya vidole viwili. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kukuna hewani, shuku sakoptesi.

#40 MamaSimba
Nimemsugua. Mguu umecheza kidogo halafu akalala.

#41 KijanaBusia
NILISEMA. Upele.

#42 NyukiWaArua
Mguu wa mbwa yeyote hucheza akisuguliwa panapomnoga. Sakoptesi huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na vifundo vya miguu ya nyuma, na muwasho wake humnyima mbwa usingizi. Huyu amelala! Viroboto.

#43 BaridiKabale
Nyote mnaongelea muwasho. Mama Simba hajasema popote kwamba Simba anajikuna. Rudini kwenye #1 msome. Manyoya haba, ngozi inayogeuka nyeusi, hakuna kidonda. Kaka yangu alikuwa na Rottweiler hivyo hivyo, mkia ukawa mtupu kama wa panya, akanenepa bila kula sana, akawa mzembe, anatafuta jua kila saa. Ilikuwa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imelegea. Damu ilipimwa, akaanza vidonge vya kila siku, manyoya yakarudi taratibu. Dawa hizo ni za maisha, ujiandae.

#44 MamaSimba
Hapo umenishtua. Amenenepa kidogo kweli. Lakini kujikuna anajikuna, usiku hasa, namsikia akigonga mlango kwa kiwiko. Sikuandika kwa sababu nilidhani kila mbwa anafanya hivyo.

#45 NyukiWaArua
Nashukuru. Naomba taulo nijifute jasho.

#46 msomi_mifugo
Msifurahi mapema. Ngozi nyeusi inakuja kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza, homoni: inageuka polepole, haina muwasho, pande zote sawa. Ya pili, kukunwa na kulambwa muda mrefu: ngozi inajilinda, inakuwa nyeusi, nene, yenye mikunjo. Na hizi mbili huchanganyika, kwa sababu mbwa mwenye thairoidi dhaifu ngozi yake hushikwa na bakteria na hamira (aina ya kuvu) kirahisi, na hapo anaanza kuwashwa. Ana harufu? Mafuta mafuta? Nta ya hudhurungi masikioni? Mvua za Septemba hadi Novemba hamira hustawi kwenye mikunjo na kati ya vidole, mbwa mwenye manyoya mazito akikaa na unyevu.

Na hiyo Jumamosi, unamwogesha kwa nini?

#47 MamaSimba
Sabuni ya mche, ile ya kufulia. Baadaye maji yenye dettol kidogo. Harufu ipo, ndiyo maana namwogesha.

#48 bi_nsambya
Ngozi ya mbwa si kali kama yetu, asidi yake ni ndogo, na ni nyembamba. Sabuni ya kufulia inaondoa mafuta yote, ngozi inakauka, inawasha, anajikuna, unamwogesha tena. Daktari mmoja aliniambia mara moja kwa mwezi inatosha kwa mbwa mzima, na kwa shampuu ya mbwa, na umkaushe mpaka chini kabisa.

#49 ng'ombe_kiruhura
Majani ya mwarobaini yachemshwe, yapoe, mwogeshe. Wazee wetu walitumia na hayana oili.

#50 FundiKatwe
Nimeona. Sijasema kitu.

#51 msomi_mifugo
Mwarobaini kwa nje hauna neno kubwa. Msimnyweshe. Shubiri pia, utomvu wake wa njano humharisha.

@BaridiKabale, sijakusahau. Fikiria hili: jike wako analala nje? Simba analala ndani na taa zinawaka mpaka usiku wa manane. Mbwa wa ndani hata Ulaya humwaga mwaka mzima, kwa sababu mwanga wa taa na joto la nyumba vinamchanganya. Wako anapata baridi halisi.

#52 BaridiKabale
Nje, ndiyo. Kwa hiyo unakubali baridi peke yake inatosha kumvika manyoya?

#53 msomi_mifugo
Nakubali inachangia.

#54 BaridiKabale
Wanasheria mnasoma chuo kimoja na madaktari wa mifugo?

#55 AfandeMstaafu
Nimechelewa. Kikosini tulipokea mbwa kutoka Ulaya. Mwaka wa kwanza walimwaga manyoya ovyo, wakati ambao hakuna aliyeutarajia, kwao huko ilikuwa ni majira mengine. Baadaye wakatulia, wakawa wanamwaga kidogo kidogo. Huyo Simba kazaliwa wapi?

#56 MamaSimba
Kazaliwa Mukono, afande. Baba yake tu ndiye aliyetoka nje.

#57 AfandeMstaafu
Basi hoja yangu haina kazi hapa, ila nimeiacha kwa wengine.

#58 MamaSimba
Mrejesho. Nimempeleka kliniki leo. Kichana na karatasi: vichembe vilikuwepo, vichache, vikaacha wekundu. Daktari akakwangua ngozi kwa kisu sehemu tatu, mpaka damu ikachomoza kidogo, akaangalia kwenye hadubini. Hakuona mdudu wa upele. Akabandika utepe wa gundi wa uwazi kwenye ngozi, akaona hamira nyingi. Amenipa kidonge cha viroboto na shampuu ya dawa ya kuacha dakika kumi kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki kwa sasa. Damu ya thairoidi amesema tusubiri: ngozi ikiwa mgonjwa hivi, kipimo kinaweza kushuka bila tezi kuwa na tatizo. Akaniambia pia nipunguze posho, kilo zake zimezidi.

#59 NyukiWaArua
Viroboto. Mimi nalala salama.

#60 KijanaBusia
Kutomwona mdudu si kusema hayupo. Muulizeni msomi.

#61 msomi_mifugo
Hapo KijanaBusia ana haki. Sakoptesi mara nyingi hukosekana kwenye mkwangue hata akiwepo. Bahati nzuri vile vidonge vingi vya viroboto vinamuua naye. Kwa hiyo akipona hatutajua nani alishinda.

#62 MzeeWaBombo
Na daktari amesema apunguze posho. Sisemi kitu, nimesoma tu.

#63 BaridiKabale
Apunguze posho kwa sababu ya kilo, mzee, si kwa sababu ya manyoya. Na kama kilo zinapanda wakati mlo ni ule ule, mimi bado nasubiri damu.

#64 bi_nsambya
Na hamira zenyewe zimetoka wapi kama si sabuni ya mche na unyevu wa Jumamosi?

#65 mvuvi_ggaba
Mukene aoshwe vizuri. Hilo hakuna aliyelipinga.

#66 mama_wawili
Swali dogo. Kuna dawa ya matone ya viroboto ya mbwa nimebakiwa nayo, naweza kumdondoshea paka nusu? Naye ananyonyoka shingoni.

#67 msomi_mifugo
USIMPE. Soma kopo. Kama imeandikwa permethrini, paka haishii kutetemeka, anapata degedege na anaweza kufa, ini lake haliwezi kuivunja. Hata kulala na mbwa aliyetoka kupakwa ni hatari kwake. Tafuta ya paka. Fungua uzi wake nitakuja.

#68 boda_kisaasi
Huyo paka anaitwa nani, Chui?

#69 mama_wawili
Anaitwa Profesa. Nafungua uzi sasa hivi.